Duara Halipotezi Mtu

Mjomba wangu wa Manchira, kwetu Mara, hupima kila mnyama kwa swali moja: anakula nini, na anakula cha nani. Twiga kwake ni muungwana. Anakula miba ya serikali huko juu, hagombani na mtu. Nyumbu ni mpita njia tu. Tembo, hapana. Tembo ameingia shambani kwake mara tatu, na mara ya mwisho mahindi yalikuwa yameshabeba. Akayamaliza usiku mmoja, na alfajiri tukakuta kinyesi cha ukubwa wa ndoo katikati ya tuta. "Kaniandikia risiti," mjomba husema. Tangu siku hiyo yeye ni mtaalamu wa kifuta jasho, zile fedha anazopewa mwananchi aliyeliwa shamba na wanyamapori. Fomu anazijua kwa rangi zake, na kalamu yake ya kujazia haazimishi mtu.

Kwa hiyo Septemba 2024, niliposema nimechaguliwa kwenda Ujerumani wiki mbili kwenye mafunzo ya kuishi na wanyamapori, alinitazama kama nimesema nakwenda Manyoni kujifunza kuogelea.

"Mura," akasema, "tembo anakojoa chini ya dirisha lako, halafu wewe unapanda ndege kwenda Berlin kufundishwa tembo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Wao wanao wangapi?"

Nikasema wapo kwenye bustani ya wanyama. Akacheka mpaka akaanza kukohoa, shangazi akamletea maji.

Mafunzo yenyewe nayaacha, yana ripoti yake. Nataka kusimulia siku moja tu, Jumapili, siku pekee niliyokuwa huru kulizunguka jiji. Jumamosi ilikuwa yetu, na sisi Wasabato Jumamosi hatuna mchezo, niliimaliza kanisani. Nikajiambia zawadi nitanunua Jumapili, baada ya kuangalia makumbusho mawili matatu na masanamu ya barabarani ambayo watu wa Berlin wanayo kwa wingi kama sisi tulivyo na vichuguu. Hakuna aliyeniambia kuwa Ujerumani Jumapili maduka hufungwa. Wamefunga kwelikweli, hata lile la nguo za watoto nililokuwa nalivizia tangu Jumatano. Kwetu mjini Mugumu ningedhani kuna msiba.

Mmoja wa wawezeshaji wetu, dada wa Kijerumani aliyewahi kujitolea Moshi miaka miwili, alikuwa amejitolea tena kunitembeza. Kiswahili chake kizuri, na shikamoo anaigawa bila ubaguzi. Alimwamkia hata kijana wa mapokezi mwenye miaka kumi na tisa. Ijumaa jioni akaniambia: "Jumapili saa nne, chini ya Saa ya Dunia, Alexanderplatz. Usichelewe!"

Ningekuwa mjinga kidogo, ningefika kwa wakati. Bahati mbaya nilitumia akili. Nikawaza hivi: kwetu saa nne ni asubuhi, jua limeshachangamka. Lakini huyu ni Mjerumani. Anafikiri kwa Kijerumani, halafu anatafsiri. Namba nne yao ni alasiri, yaani saa kumi yetu. Kwa hiyo amesema saa nne akimaanisha saa kumi, na mimi, kwa kuwa nimesoma, nimemwelewa. Nikajipongeza. Nikajua nina asubuhi nzima ya kutembea peke yangu. Simu yangu haikuwa na bando la nje. Intaneti niliipata hosteli tu. Hilo nalo halikunipa wasiwasi.

Hosteli yetu ilikuwa Neukölln. Asubuhi nimetembea dakika chache tu nikakuta kibao cha mtaa kimeandikwa Lucy-Lameck-Straße. Nikarudi nyuma hatua tatu kukisoma upya. Lucy Lameck! Huyu huyu wa Kilimanjaro, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa uwaziri Tanzania, kumbe ana mtaa Berlin. Tangu Aprili 2021 mtaa huo una jina lake. Kabla ya hapo ulikuwa wa Hermann von Wissmann, aliyetumwa pwani yetu kuzima vita vya Abushiri na baadaye akawa gavana. Nikampiga picha mama Lameck na kibao chake, nikajiona mwenyeji. Mtu akijiona mwenyeji ugenini, hapo ndipo pa kumshika mkono. Mimi hapakuwa na wa kunishika.

Kijana wa mapokezi alikuwa amenichorea njia ya kwenda Makumbusho ya Historia ya Asili: shuka chini ya ardhi, badilisha treni hapa, panda ile. Nikaiangalia ramani. Mistari imesokotana kama nyuzi za kikapu ambacho mfumaji ameghairi. Katikati ya vurugu hiyo nikaona treni moja inazunguka jiji lote kwa duara, nzuri, safi, inarudi ilikotoka. Wenyeji wanaiita Ring. Nikasema moyoni: duara halipotezi mtu. Ukishindwa kushuka unapoenda, utarudi nyumbani. Nikaenda kituo cha Hermannstraße, nikanunua tiketi ya karatasi kwenye mashine, nikaikunja vizuri nikaiweka ndani ya Biblia, nikapanda. Nilipaswa kushuka Wedding, upande wa kaskazini.

Baada ya vituo vichache treni ikavuka Mto Spree, na pale majini nikaona majitu matatu yamesimama juu ya maji yakisukumana. Yamepigwa matundu mwili mzima, unaona mawingu upande wa pili kupitia vifuani mwao. Hiyo ni kazi ya Mmarekani Jonathan Borofsky, ya alumini, mita 30 kwenda juu, ipo hapo tangu 1999. Msanii anataka kusema kwamba sisi binadamu tumejengwa kwa chembechembe, na kwa sehemu kubwa tu watupu. Mimi wakati huo sikujua. Nilichoona ni watu watatu waliotobolewa kama chujio la chai, na bado wanagombana. Nikasema hawa ni wa kwetu kabisa.

Kiti kilikuwa laini, jua la asubuhi liko shavuni, na wiki nzima nilikuwa nalala saa tano, nje ya ratiba ya kuku. Nikasinzia. Nilipofumbua macho tulikuwa juu ya mto. Majini kuna majitu matatu, yametobolewa, yanasukumana.

Nikafurahi. Nikasema jiji hili tajiri, wameweka masanamu ya aina hiyo sehemu mbili. Nilichukua kama dakika nzima kuelewa kwamba masanamu ni yale yale na jinga ni lile lile. Duara lile lina kilomita 37 na treni hulimaliza kwa saa moja. Nilikuwa nimelizunguka Berlin yote nikiwa nakoroma. Wedding nilipita usingizini, na si mbali na hapo kuna barabara iliyopewa jina la Maji Maji wiki chache tu kabla, Agosti 2024. Mtanzania mzima, nikaipita nimefumba macho.

Nikiwa bado najicheka, kijana mmoja aliyekuwa amekaa mbele yangu muda mrefu, kavaa jinzi na viatu vya mpira, akasimama ghafla, akatoa kitambulisho kwenye kamba shingoni, akasema kitu. Nikamkatalia kwa kichwa. Mimi nimekulia stendi ya Mugumu, namfahamu tapeli hata akivaa tai. Akarudia kwa Kiingereza: tiketi. Nikafungua Biblia kwenye Zaburi, nikampa. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Akaniuliza kwa nini haijagongwa muhuri.

Kumbe kuna kiboksi pale jukwaani kituoni. Ukishanunua tiketi unaitumbukiza, kinaigonga saa na tarehe, ndipo inakuwa tiketi. Bila hivyo ni karatasi tu. Mimi nilikiona kile kiboksi, nikadhani ni cha maoni.

Faini, euro 60. Nikajaribu kueleza kwamba nimelipa, tiketi hii hapa, tena mpya, haina hata kunjo la pili. Akaniambia kwa upole kabisa kuwa ndiyo maana: ni mpya mno. Ningeweza kuitumia kesho, na keshokutwa, na mpaka Yesu arudi. Hoja ile sikuwa na jibu lake. Nikatoa posho, nikahesabu, akaniandikia risiti, na mara nikamkumbuka tembo wa mjomba.

Kwa hesabu ya siku ile euro 60 zilikuwa kama shilingi laki moja na elfu themanini. Kwa Manchira hao ni mbuzi wawili wa heshima, wa kupeleka ukweni. Kuanzia hapo kila bei niliyokutana nayo Berlin niliihesabu kwa mbuzi. Choo cha kituoni, ambacho ukitaka kuingia lazima ulishe sarafu chuma kinachozunguka: ukwato. Kiingilio cha makumbusho, euro 11: mguu wa nyuma. Nililipa mguu wa mbuzi nikaingia.

Jamani, mjusi.

Dinosauri huyu nilikuwa nimemsoma shuleni, nimewasikia wabunge wakimdai, lakini hayo yote hayamwandai mtu. Unapita mlango, ukumbi unafunguka, na mbele yako kuna mguu. Mguu tu. Kiwiko chake kiko juu ya kofia yako. Halafu unafuata shingo kwa macho, inapanda, inapanda, mpaka unajikuta umefungua mdomo kama kifaranga, na kule juu karibu na vioo vya paa kuna kichwa kidogo kinachoonekana hakina habari na wewe. Mita 13 na sentimita 27. Kwa jina la kitaalamu anaitwa Giraffatitan, yaani twiga jitu. Mimi nimekua na twiga, najua twiga akikutazama anavyokudharau kwa adabu. Huyu alikuwa na dharau ile ile mara tatu.

Na chini, kwa maandishi: Tendaguru, Tansania.

Nikawaangalia watu waliokuwa karibu. Familia ya Kijerumani yenye watoto wawili, wazee wawili na fimbo zao, vijana wanapiga picha. Hakuna aliyenipa pole wala hongera. Nilitaka kumwambia mtu kuwa huyu ametoka kwetu. Nikamgeukia mlinzi wa ukumbi, mzee mnene mwenye masharubu, nikamwambia kwa Kiingereza changu: huyu ni wa nchi yangu. Akatikisa kichwa kwa heshima, akaniambia: tafadhali usivuke kamba. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka kumpa tu mkono, kama mtu wa Mara anapokutana na mtu wa Lindi safarini.

Habari zake nilizisoma zote, mpaka miguu ikauma. Wajerumani walichimba kilima cha Tendaguru, huko Lindi, kuanzia 1909 hadi 1913, chini ya wataalamu wawili, Werner Janensch na Edwin Hennig. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Vita vya Maji Maji kwisha kusini, njaa haijasahaulika, na watu wale wale wakaajiriwa kuchimba mifupa. Barabara haikuwepo. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilifungwa na kubebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kama nne, mpaka bandari ya Lindi, na kutoka hapo meli. Mfupa mkubwa walikuwa wakiuning'iniza kwenye mti, watu wakaubeba mbele na nyuma kama tunavyobeba mgonjwa. Hapo nilikaa kwenye benchi kidogo. Nimewahi kubeba gunia la mahindi kutoka shambani hadi barabarani, kilomita mbili, na wiki nzima shingo yangu ilikuwa inaangalia upande mmoja. Hawa walibeba paja la mnyama huyu.

Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Wataalamu walimwamini kwa kuijua mifupa, na jina lake halikupotea: mwaka 2007 mjusi mwingine wa kutoka kilima kile kile akaitwa Australodocus bohetii. Mimi nina wajomba wenye mashamba, wenye ng'ombe, mmoja ana trekta bovu. Hakuna hata mmoja mwenye dinosauri.

Jambo moja lilinisumbua. Kile kichwa cha juu, chenye dharau, ni cha bandia. Cha kweli ni kizito na ni cha thamani, kimewekwa chini peke yake. Tena mifupa yenyewe haikuwa ya mnyama mmoja. Walikusanya ya huyu na ya yule, palipopungua wakajaza plasta, mwaka 1937 wakamsimamisha. Mnamo 2007 wakampanga upya, miguu ikanyooka, kwa sababu mwanzo walimsimamisha kama mamba aliyeumwa mgongo. Miaka sabini watu wanalipa kiingilio kumwona amekaa vibaya, na yeye hajasema neno.

Kwenye ukumbi mwingine kuna baridi na mwanga hafifu, na ndani ya vioo rafu baada ya rafu ya chupa: samaki, nyoka, mijusi ya saizi ya kawaida, wote wamelowekwa kwenye spiriti. Chupa karibu 276,000. Nilitafuta sato na sangara kwa macho mpaka nikaona kizunguzungu. Mjomba wangu si Msabato, na nilijua kabisa atasema nini akisikia: pombe yote hiyo wanawapa samaki?

Dukani kwao, duka pekee lililokuwa wazi Berlin nzima kwa mujibu wa utafiti wangu, nilinunua mjusi wa plastiki wa saizi ya kiganja. Bei: bega.

Njaa ikanikuta njiani. Kila kona wanauza soseji ya kukatwakatwa na mchuzi mwekundu juu, harufu inakuita kwa jina, lakini nilikuwa nimeonywa kuwa ni nguruwe. Nikaenda kwa Mturuki mwenye nyama inayozunguka kwenye chuma. Kumuuliza nyama gani, Kijerumani sina, Kiingereza chake na changu havikuonana. Nikaweka vidole viwili kichwani, nikalia kama ng'ombe. Akaacha kisu, akanitazama, akalia naye, tena vizuri kuliko mimi, mlio wangu ulikuwa kama wa ndama. Foleni nzima ikacheka. Nikala nikiwa na amani.

Kisha nikaenda kuona herufi. Ndiyo, herufi. Chini ya matao ya reli, karibu na Hansaplatz, kulikuwa na makumbusho ya maandishi ya madukani: yalianzishwa 2005 na watu waliochoka kuona vibao vya zamani vinatupwa. Duka likifungwa walichukua A yake, R yake, neno zima la neoni kama likipatikana, wakaja kuliwasha huku. Treni ikipita juu, A zote zilitetemeka. Makumbusho hayo yalifunga milango Oktoba 2025, kwa hiyo usiende kuyatafuta kwa ajili yangu.

Nilisimama mbele ya E moja nyekundu, ya chuma, kubwa kuliko mimi. Kona yake ya chini ilikuwa imekwaruzwa rangi tatu: nyekundu juu, chini yake kijani, chini kabisa nyeupe iliyogeuka ya maziwa. Mtu fulani aliipaka upya kila biashara ilipobadilika. Nikamkumbuka mchora vibao mmoja wa kwetu aliyeandika HOTE kwa herufi kubwa za kupendeza, akafika mwisho wa ukuta, akageuza kona na kuandika LI upande wa chooni. Miaka mingi watu walikuwa wanakwenda kujisaidia "Li". Kama wale wa Berlin wangempata yule bwana, wangemchukua na ukuta wake.

Saa tisa na kitu nikawa njiani kuelekea Alexanderplatz. Upande ule wa mashariki taa za waenda kwa miguu zina kijimtu chenye kofia. Kilibuniwa 1961 na Karl Peglau, na leo wanakipenda hadi wanakiuza kwenye vikombe. Chekundu kimenyoosha mikono, simama. Barabara ilikuwa tupu. Hakuna gari kulia, hakuna kushoto, hakuna hata baiskeli. Watu kumi na wawili wamesimama wanakitii kijimtu. Mimi nikavuka. Sisi Manchira husimama ng'ombe wakipita, lakini huwa tunawaona. Nyuma yangu bibi mmoja akapaza sauti, akanyoosha kidole kwa mtoto aliyeshikwa mkono pembeni yake, na ingawa sikuelewa hata neno moja, nilielewa yote: mtoto anakuona. Nikarudi. Naapa, nilivuka tena kurudi, nikasimama nao, na kwa kurudi nikawa nimevunja sheria mara mbili.

Kati ya Alexanderplatz na mto wapo Marx na Engels wa shaba, mmoja amekaa mmoja amesimama, kazi ya Ludwig Engelhardt ya mwaka 1986. Watu wa Berlin kwa utani huwaita Koti na Jaketi. Marehemu baba alikuwa balozi wa nyumba kumi enzi za Ujamaa, na aliamini mpaka mwisho kwamba Marx na Engels ni mtu mmoja, Maksi Engelsi, kama Julius Nyerere. Nilitamani angewaona wawili. Mapaja ya Marx yameng'arishwa na makalio ya wageni, kila mtu anapanda kupiga picha. Nikampa simu dada mmoja, nikapanda, nikajikalisha kwa kujiamini kwenye mapaja ya mzee.

Ilikuwa imenyesha mchana nilipokuwa kwenye herufi. Shaba ina bonde pale katikati, na bonde lilikuwa na maji. Picha ninayo: mwanamume mzima juu ya Marx, uso umekunjamana kama aliyepata habari mbaya za uchumi.

Kwa hiyo niliwasili chini ya Saa ya Dunia saa kumi kasoro robo, suruali imelowa nyuma, nimejaa fahari ya kuwahi. Ni kitu cha ajabu kile: mcheduara wa tani 16 juu ya nguzo moja, pande 24, kila upande na miji yake, na mkanda wa tarakimu unapita ukiwaambia walimwengu wote ni saa ngapi. Erich John aliibuni, ikazinduliwa Septemba 1969. Juu yake kuna sayari za chuma zinazozunguka, mzunguko mmoja kila dakika. Najua kwa sababu nilihesabu. Saa kumi ikafika, dada hayupo. Saa kumi na robo. Nikasema Wajerumani nao wanachelewa, nitawaeleza nyumbani. Saa kumi na moja. Nilikuwa nimeegemeza makalio kwenye nguzo ili watoto wasione. Sayari zilizunguka mara tisini, mimi nikaenda zangu, na safari hii tiketi niliigonga muhuri mara mbili.

Hosteli simu ikashika intaneti, ikaanza kulia kama kuku anayefukuzwa.

"Nimefika!" Saa nne kasoro dakika mbili, asubuhi.

"Nimesimama chini ya Moscow."

"Sasa nipo chini ya Cairo, Moscow kuna upepo."

"Foleni, najua :)"

"Hakuna haraka kabisa."

"Au ulielewa saa nne ya usiku?"

"Basi nakwenda nyumbani. Samahani sana. Nadhani Kiswahili changu bado kibovu."

Kiswahili chake kilikuwa safi kama maji ya kisima. Kilichokuwa kibovu ni ile akili yangu ya kumsaidia kukosea. Nikaandika samahani ndefu, nikaifuta, nikaandika nyingine. Akajibu kwa kicheko na kupanga twende kesho yake jioni baada ya darasa. Safari hii aliandika 16:30, kwa tarakimu, na chini yake akaongeza: "alasiri, jua bado lipo."

Berlin ilikuwa saa tatu usiku. Manchira, saa nne. Nikampigia mjomba kwa video. Nikaona kipaji cha uso, halafu giza, halafu sikio.

"Mjomba, hapo umeziba kamera. Subiri, nakuonyesha kitu." Nikamtumia picha ya ukumbini.

Kimya. Nikasikia anamwita shangazi alete miwani.

"Ni nini hiki?"

"Mjusi wa Tendaguru. Wa Lindi, yule mkubwa."

"Huyu hapa chini yake ni mtu?"

"Ni mtu."

Akavuta pumzi. Nikajua anapima shamba lake, kutoka kwenye mwembe hadi kwenye mkonge wa mpakani.

"Alikuwa anakula nini?"

"Majani tu, mjomba."

"Majani ya nani?"

"Mjomba, ni miaka milioni 150. Hapakuwa na mtu."

"Lakini siku wanamchukua watu walikuwepo."

"Walikuwepo. Ndio waliombeba, siku nne, kwa kichwa."

"Na wewe leo umelipa kumwona."

"Nimelipa. Kama elfu thelathini na tatu."

Akanyamaza tena. Nyuma yake nikasikia debe linagongwa, jirani anafukuza kitu shambani.

"Mura," akasema, "hao wa Lindi walishajaza fomu?"